Dakika 30 za Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Kipindi kimoja cha darasa la kwanza katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania huchukua dakika 30, ilhali kuanzia darasa la tatu kipindi hurefuka hadi dakika 40, kwa kuwa waliopanga ratiba walizingatia kwamba mtoto wa miaka sita au saba hawezi kutulia na jambo moja kwa muda mrefu. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu aliyebahatika kupata darasa la kiwango hicho, endapo hataandika ubaoni, hatanyamazisha kelele, hatatafuta penseli iliyopotea wala kumruhusu yeyote kwenda msalani, atakuwa na sekunde 40 za kumsikiliza kila mtoto; na mwenye watoto 90, ambaye si wa kutafutwa kwa tochi, atakuwa na sekunde 20. Ndani ya sekunde hizo ndimo mtoto anamotakiwa kutoka katika kutojua hata herufi moja hadi kusoma hadithi fupi na kuielewa, na safari yote hiyo imepangiwa miaka miwili.

Kazi hiyo hujulikana kwa jina la KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, stadi tatu ambazo mtaala ulioanza mwaka 2015 uliziweka mbele ya mambo mengine yote kwa darasa la kwanza na la pili. Kabla ya hapo watoto wa umri huo walirundikiwa masomo mengi kwa mpigo, mengine yakiwataka wasome maandishi ambayo hawajaweza kuyasoma. Dalili za hitilafu zilikuwa zimekwisha kuonekana: tathmini iitwayo Uwezo ya mwaka 2010, iliyowapima watoto majumbani kwao badala ya shuleni, ilibaini kwamba ni takriban watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Lawama, kama ilivyo desturi, ziliwaangukia walimu kwanza, na ni wachache waliouliza mwalimu aliyelaumiwa alikuwa amekabidhiwa watoto wangapi, vitabu vingapi na muda gani.

Darasa la kwanza ndilo gati la shule ya msingi, kwani kila shehena hushukia hapo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo wengi huikumbuka kwa kifupi chake cha Kiingereza cha UPE, ipatikane nchi nzima kufikia mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufunzwa ualimu huku tayari wakiwa wameshika chaki. Jina la “mwalimu wa UPE” liligeuka kuwa kejeli kwa miaka mingi, nayo ilikuwa kejeli isiyo na shukrani, kwa sababu bila vijana hao vijiji vingi visingekuwa na darasa lolote la kukejeliwa. Wimbi la pili lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa; la tatu lilikuja Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa na wazazi waliokuwa wakikwamishwa na michango wakawaleta watoto wao kwa pamoja, wengine wakiwa wamekwisha kupita umri. Mwalimu wa darasa la saba husikia habari za mawimbi hayo miaka sita baadaye, yakiwa yamepungua nguvu, ilhali yule wa darasa la kwanza huyakuta mlangoni asubuhi ya siku ya kufungua shule, na anakuwa hana hata kipimo cha zamani cha kuyapunguzia, kile cha kumtaka mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kulishika sikio la upande wa pili ili ijulikane kama amefikia umri wa kusoma.

Katika kufundisha kusoma, Kiswahili chenyewe kimembebea mwalimu sehemu ya mzigo. Lugha hii ina irabu tano tu, yaani a, e, i, o na u, sauti zinazotamkwa bila hewa kuzuiliwa popote kinywani, na kila irabu hutamkwa vilevile popote inapoandikwa. Silabi, ambayo ni pande la neno linalotamkwa kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo mtoto aliyezimudu ba, be, bi, bo, bu anaweza kuhamishia ufundi huohuo kwenye ka, ke, ki, ko, ku bila kuanza upya. Mwalimu wa Kiingereza hana neema hiyo, na tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024 na kuingiza Kiingereza kama somo kuanzia darasa la kwanza, mtoto aliyekwisha kuamini kwamba i ni i siku zote hulazimika kuambiwa, katika chumba kilekile na mara nyingi na mwalimu yuleyule, kwamba kipindi kinachofuata imani hiyo haifanyi kazi.

Hata hivyo wepesi wa Kiswahili huwadanganya wengi, wakadhani kwamba kusomesha darasa la kwanza ni kuimba silabi hadi zizoeleke. Ugumu umo katika kuunganisha. Mtoto anayeitwa ubaoni kusoma neno “kuku” huweka kidole chini ya silabi ya kwanza akatamka “ku”, akakisogeza akatamka “ku” ya pili, kisha akamgeukia mwalimu akisubiri sifa, akiwa ametamka vipande viwili visivyohusiana na chochote duniani, kwa maana bado hajang'amua kwamba alichokigusa kwa kidole ni yule kuku anayedonoa uani kwao. Mwalimu stadi hamtajii jibu. Humrudisha mwanzo, akamtaka aviseme vipande vile bila kupumzika katikati, halafu haraka zaidi, halafu kwa sauti anayozungumzia nyumbani, na kwa baadhi ya watoto hilo hutokea siku ya tatu, kwa wengine mwezi wa tano. Wapo wanaokwama mapema zaidi kwa sababu wamefundishwa majina ya herufi badala ya sauti zake: aliyeambiwa kwamba herufi hii ni “be” na ile ni “a” ana kila sababu ya kuzisoma pamoja kama “bea”, na anapokosolewa huwa ametumia akili kuliko anavyosifiwa. Ndiyo maana mafunzo ya KKK yalisisitiza njia ya sauti, yaani kumfundisha mtoto kile ambacho herufi husema kabla ya jinsi inavyoitwa.

Baada ya hapo huja mitego midogo ambayo mtu mzima amekwisha kuisahau. Herufi b na d ni fimbo ileile na tumbo lilelile, zinatofautiana upande wa kutazama tu, na mtoto ambaye kikombe kwake ni kikombe hata kikigeuzwa mpini hana sababu ya kuona kwamba herufi ikigeuzwa huwa kitu kingine. Katika neno “mtu” herufi m husimama peke yake kama silabi kamili, ingawa haina irabu ya kuiegemea, na mwenye kuzoea ba na ka hulisoma “mutu”. Sauti ya ng' katika “ng'ombe” huhitaji kialama cha juu ambacho watoto hukichukulia kama doa la wino. Penye jamii ambazo lugha zao za nyumbani hazitofautishi l na r, mtoto huandika “kurara” kwa uaminifu mkubwa, kwa kuwa ndivyo anavyosikia. Na katika vijiji vya wafugaji au wakulima ambako Kiswahili hakizungumzwi jikoni, mwalimu hufundisha kwa wakati mmoja lugha na maandishi ya lugha hiyo, jambo ambalo ratiba hailitambui na hakuna posho inayolilipa.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kumbukumbu ya watoto, ambayo ni kali ajabu. Darasa la watoto 90 haliwezi kusomeshwa mmoja mmoja, hivyo husomeshwa kwa kiitikio: mwalimu anasoma, darasa linafuatisha, na baada ya wiki mbili kila mtoto anaujua ukurasa mzima kwa moyo, akiwemo yule aliyeshika kitabu juu chini. Swali la “Mmeelewa?” hujibiwa “Ndiyooo!” kwa sauti ya kutikisa mabati, na jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Walimu wenye uzoefu wameacha kuliuliza. Badala yake huziba nusu ya neno kwa kiganja, au huonyesha silabi kwa kurukaruka kutoka mwisho wa mstari hadi mwanzo, au huandika neno ambalo halimo kitabuni kabisa, na hapo sauti 90 hupungua zikawa 30, halafu 12, na mwalimu akajua kwa hakika, ingawa kwa uchungu, darasa lake limefika wapi. Ufundi wa aina hiyo haufundishwi kwa siku moja, wala hauonekani kwa anayechungulia dirishani, ambaye huona mtu mzima akionyeshaonyesha ubaoni na watoto wakicheka.

Mbali na kusoma, siku ya mwalimu huyo huliwa na mambo ambayo hayana kipindi. Huanza mstarini, kwa lugha ya shule, yaani gwaride la asubuhi ambapo wanafunzi hukaguliwa kucha na sare, kisha mahudhurio huitwa jina kwa jina, kazi ambayo penye majina 90 humega kipindi cha kwanza. Penseli huchongwa kwa wembe, na kwa kuwa wembe haumfai mtoto wa miaka sita, mchongaji ni mwalimu. Mashtaka huwasilishwa bila kikomo: huyu kanisukuma, yule kanichukulia kifutio, mwingine kaniita jina baya, na kila shtaka hudai hukumu ya papo hapo, kwa sababu mlalamikaji hatasoma hata silabi moja kabla haki haijatendeka. Yupo anayelala kwa kuwa ametembea umbali mrefu bila kunywa chochote, na ambako wazazi wamechangia mahindi shule hupika uji, ambao mwalimu yeyote atakiri kwamba umefundisha kusoma kuliko chati nyingi. Yupo anayejikojolea na kukaa kimya kwa aibu. Yupo aliyeng'oka jino la mbele na ambaye hawezi kutulia hadi darasa zima, na mwalimu pia, wamelikagua pengo.

Kwa mwenye madarasa ya namna hii, adhabu ni suala linalokaa karibu kuliko wengi wanavyokiri. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na kila mara viandikwe katika kitabu maalumu. Maana yake ni kwamba fimbo inayobebwa kwapani kuingia nayo darasani haina kibali cha kanuni hizo. Anayefundisha kusoma anajua sababu nyingine ya kuiacha ofisini, nayo ni kwamba mtoto mwenye hofu hukadiria jibu kwa kuusoma uso wa mwalimu, na macho yakishakuwa usoni hayapo tena kwenye neno. Wimbo hutuliza darasa kwa haraka zaidi. Kuna walimu wanaoweza kuwahamisha watoto 80 kutoka kwenye fujo hadi kwenye ukimya kwa mistari miwili ya wimbo wenye vitendo, mikono juu, mikono kichwani, mikono mezani, na ni vigumu kuona ni taaluma gani nyingine ambayo ustadi wa kiwango hicho ungechukuliwa kuwa mchezo.

Kengele ya mwisho huwatoa watoto, na madaftari hubaki. Mwalimu akitumia dakika moja tu kwa daftari, madaftari 90 ya kuandika ni saa moja na nusu, na yale ya kuhesabu ni saa moja na nusu nyingine, kabla hajagusa andalio la somo, ambalo ni maelezo ya kila kipindi yanayoonyesha kitakachofundishwa, kwa hatua zipi na kwa zana gani, wala azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula au mwaka mzima. Nyaraka hizo mbili hudaiwa na mwalimu mkuu na hukaguliwa na wathibiti ubora wa shule, watu ambao zamani waliitwa wakaguzi na ambao ujio wao, licha ya kubadilishwa jina, bado hutangulizwa na simu za kuonyana kutoka shule ya jirani. Haishangazi kwamba wengi husahihisha kwa kupita wakitia vema na kosa bila kusimama. Anayesimama kidogo, akaona kwamba mtoto huyu anageuza tarakimu ya 3 kila mara na yule anasahau kuchukua moja anapojumlisha, hulipa kwa usingizi wake mwenyewe.

Zana za kufundishia nazo hutoka mfukoni au jalalani. Vizibo vya soda hukusanywa vibandani kwa ajili ya kuhesabia, vijiti hukatwa na kufungwa kumikumi kwa mpira ili mtoto aione kumi kuwa ni kitu kimoja na kumi kwa wakati mmoja, na nyuma ya mfuko wa saruji au juu ya salfeti ya sukari iliyofuliwa huchorwa chati za silabi ambazo hudumu kuliko karatasi za dukani, kwani hazichaniki na mvua inayovuja ikizilowesha huanikwa. Fungu la vijiti ni wazo zito kuliko linavyoonekana. Mfumo mzima wa namba, ambao hubeba makumi, mamia na maelfu kwa nafasi tu ya tarakimu, umekunjwa ndani ya ule mpira unaofunga vijiti kumi, na mtoto ambaye hakuwahi kuufungua na kuufunga kwa vidole vyake ataendelea kutoa kwa kukisia hadi darasa la saba.

Pamoja na uzito wote huo, darasa la kwanza halina heshima katika shule nyingi. Kinachotazamwa ni upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, vyote vikiendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambavyo matokeo yake humpandisha au kumshusha mwalimu mkuu machoni pa halmashauri. Kwa hiyo walimu wanaosifika hupangiwa madarasa hayo, na la kwanza hupewa aliyehamia juzi, anayekaribia kustaafu au, kwa hoja isiyo na mantiki yoyote, yule mwenye watoto wadogo nyumbani. Hilo ni kosa la hesabu. Muda wa ziada unaotumika darasa la saba, asubuhi na jioni na Jumamosi, mara nyingi ni wa kuziba shimo lililochimbwa miaka sita nyuma, kwa gharama kubwa na kwa mafanikio haba. Shule inayowahamishia madarasa ya juu waliobobea katika KKK, kama zawadi ya ubora wao, ni shule inayokula mbegu.

Malalamiko mengine ya walimu hawa ni yaleyale ya utumishi wote: kupandishwa daraja kunakochelewa, malimbikizo yasiyolipwa kwa wakati, nyumba zisizotosha, uhamisho wa kumfuata mwenzi unaozunguka kati ya halmashauri mbili na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, hadi faili kuchakaa. Taifa humwita mwasisi wake Mwalimu, ingawa Nyerere alifundisha sekondari, Tabora na kisha Pugu, na wake wa marais wawili waliofuata baadaye, Salma Kikwete na Janeth Magufuli, waliwahi kuwa walimu wa shule za msingi. Heshima ya neno hilo, hata hivyo, haijawahi kushuka yenyewe hadi kwenye karatasi ya mshahara.

Kinachowafanya baadhi yao waombe kubaki darasa la kwanza mwaka hadi mwaka ni jambo ambalo halitokei katika darasa lingine lolote. Hutokea bila taarifa, mara nyingi kati ya Juni na Septemba, mtoto aliyekuwa akikokota silabi anapofika mwisho wa neno akanyamaza, akalitazama tena, kisha akalisema lote kwa mara moja na kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza, akifuatisha kicheko cha mshangao kana kwamba amemkuta ndugu yake amejificha nyuma ya mlango. Wenzake humpigia makofi. Mwalimu humwambia asome linalofuata, kwa kuwa sekunde 20 zimekwisha pita na yupo mwingine mstari wa nyuma aliyenyoosha mkono.

Kuanzia siku hiyo mtoto huyo hazuiliki. Husoma ubavu wa daladala, kibao cha duka, mfuko wa mbolea, tangazo la mgombea wa miaka mitano iliyopita, na jioni, kwa sauti ileile iliyopigiwa makofi, akisogeza kidole silabi kwa silabi, huyasoma maandishi ya kanga aliyojifunga mama yake, akitaka kuelezwa maana ya maneno ambayo mama aliyachagua dukani kwa ajili ya jirani, ambaye saa hiyo ameketi hapohapo mkekani.